Ukimtoa Lugusha

Jumatatu, 3 Agosti 1931

Mtama umebaki kidogo kwisha. Nimepura tangu asubuhi, peke yangu. Kalunde anapepeta. Upepo mzuri, makapi yanakwenda upande wa barabara. Kwihara nzima hakuna mzee wa umri wangu anayeshika fimbo ya kupuria hivi. Wenzangu wamekaa kivulini wanaambiana wapi panapouma. Mimi siumwi kitu. Goti tu, nalo si sana.

Mchana akaja Mwalimu Protazi wa misheni kwa baiskeli yake. Ni yule Mhaya kijana aliyetufundisha kusoma sisi wazee kabla ya ubatizo. Wenzangu walishindwa, wakabaki kusali kwa kichwa. Mimi nilishika herufi zote. Ndiyo maana naandika hapa, na hakuna wa kunisahihisha.

Kaleta habari kubwa. Padri anatengeneza kitabu. Ndani yake wataingia watu mashuhuri wote wa nchi hii, tangu enzi za misafara mpaka leo. Kila mtu na mahali pake, jina lake juu kwa herufi nene. Mtu akitaka kumjua fulani anafungua, anamkuta. Kitapigwa chapa. Watoto wa shule watakisoma, na watoto wao.

Nikajua amenifuata mimi. Nikaingia ndani nikavaa kanzu.

Kumbe amefuata habari za kaka yangu Lugusha. Haya. Lugusha alikuwa kirongozi wa misafara, yule anayetangulia mbele na manyoya kichwani, wapagazi wanamfuata na pembe mabegani mpaka pwani. Nyimbo zake zinaimbwa harusini hadi leo, na yeye alikufa kabla ya reli kufika. Nikamweleza Mwalimu. Nikaeleza mpaka jua likageuka, Kalunde akaninunia kwa sababu ya mtama.

Mwisho nikauliza, na mimi je? Akatabasamu. Akasema mzee umo, nimeshakuandika. Akanisomea: "Alikuwa na mdogo wake, Maganga, ambaye yu hai mpaka sasa."

Basi. Kazi yangu yote duniani ni kutokufa.

Nikasema nataka mahali pangu mwenyewe. Akasema Padri ameweka sheria. Mtu haingii kitabuni kwa kuzaliwa karibu na mtu mkubwa. Jamaa za watu mashuhuri watatajwa ndani ya habari za mashuhuri wao, inatosha. Wakipewa kila mmoja mahali pake, kitabu kitajaa mashemeji.

Mashemeji. Mimi.

Jumanne, 4 Agosti

Sikula. Kalunde kapika ugali na mlenda, nikasukuma sahani. Akala yeye yote.

Kinachonichoma ni hiki. Nimefikia umri wa kufa. Nikifa, jina langu litabaki kwa wanaonijua, na wao wenyewe wako njiani. Lugusha ataishi. Mimi nitakuwa mkia wa sentensi yake.

Na kitabu kinakwenda kupigwa chapa mwisho wa mwezi huu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda Tabora kwa miguu. Nimempita kijana na punda wake. Misheni nikamkuta Padri anakata kucha.

Padri ni Mzungu mrefu, ndevu nyeupe, Kiswahili chake kinawashinda makarani wa mjini. Hakunifukuza. Akanipa kiti. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga ngoma ya msafara wa Lugusha. Akasema hiyo ni habari ya Lugusha. Nikamwambia nilijua maji yote ya Mgunda Mkali, ile nyika ya kiu kati yetu na Ugogo. Akauliza nilikuwa napita pale na msafara wa nani. Nikaanza habari za baba yetu. Akainua mkono.

Kisha akasema neno ambalo nimelibeba njia nzima. "Mzee Yosefu," akasema, maana Yosefu ndilo jina langu la ubatizo, "mtoe Lugusha. Mtoe kabisa, kama vile hakuzaliwa. Kinabaki nini? Hicho kilichobaki niletee."

Nilitoka nimekasirika. Hata kwaheri sikusema vizuri. Lakini nilipofika kwenye mashamba ya Kwihara hasira ikapungua. Swali ni la haki. Mimi si mtu wa kukataa swali la haki.

Ijumaa, 7 Agosti

Kinabaki nini. Naandika.

Mwaka ule ndui iliingia katika msafara tukirudi kutoka pwani. Ilituangusha mwisho wa Ugogo, kabla ya kuingia Mgunda Mkali. Sheria ya njia inajulikana. Mgonjwa anaachiwa moto na mtama kidogo, msafara unaendelea, kwa sababu nyikani maji hayatoshi watu wanaotembea polepole. Lugusha hakuwa mkatili. Alikuwa kirongozi. Alilia, lakini aliondoka.

Mimi nilikataa. Niliugua ndui utotoni, makovu haya hapa, haikuwa na la kunifanya. Nikaketi chini. Lugusha akanitukana mbele ya msafara wote. Akasema kuanzia siku hiyo si mdogo wake. Ngoma nilibaki nayo mimi, kwa hiyo wakaondoka kimya. Sijapata kuona msafara unaondoka kimya vile.

Nikajenga kibanda cha miiba. Nikawapikia uji, nikawaosha, waliokufa nikawazika. Wagogo wa pale walikuwa wanauza maji. Nikawalipa kwa nguo zangu mpaka zikaisha, nikauza ngoma. Waliopona nikarudi nao nyumbani, polepole, tunapumzika kila penye mti. Mmoja alikuwa msichana aliyefuata msafara na shangazi yake, anabeba vyungu. Ndiye Kalunde, mke wangu.

Tulipofika Kwihara wimbo ulikuwa umeshatungwa. Lugusha amewarudisha wagonjwa. Lugusha mwenyewe alinikimbilia, akanikumbatia mbele ya watu, analia mpaka manyoya yanadondoka. Unamwambia nini mtu wa namna hiyo. Wimbo ukaenda zake. Sasa uko kwenye karatasi za Mwalimu, katika habari za Lugusha. Nimeuona kwa macho yangu.

Kwa hiyo kilichobaki kipo. Ila kimeandikwa kwake.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya misa nimemwambia Padri yote. Alisikiliza vizuri. Akauliza nani aliona. Nikasema Kalunde aliona. Akasema mke hamshuhudii mumewe katika jambo kama hili, wala mtoto, wala mpwa. Anataka mtu asiye wa nyumba yangu, asiye na faida yoyote. Nikileta mmoja tu, ataniandika.

Nimewapitia wote kichwani nikirudi. Wamekufa. Amebaki Ndahani peke yake, Mgogo, muuza chumvi wa Isevya pale mjini. Wakati ule alikuwa kijana wa kijiji cha jirani na kambi yetu ya wagonjwa. Ndiye aliyekuwa akituuzia maji. Alihamia Tabora reli ilipokuja.

Shida ni kwamba Ndahani ni mtani wangu. Sisi Wanyamwezi na Wagogo tumekuwa watani tangu enzi za misafara. Tulipita kwao, tukagombea maji, tukapigana, tukazoeana. Mgogo akinikuta sokoni ataniita mtumwa wake, atanivua kofia aivae yeye, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nami namfanyia vivyo hivyo. Ndahani hajapata kusema neno jema juu yangu tangu nimjue. Akilisema atakuwa amevunja utani.

Na huyo ndiye shahidi wangu pekee duniani.

Jumanne, 11 Agosti

Nimeziba paa upande wa jikoni. Kalunde alishika ngazi huku ananiambia nishuke. Sikushuka.

Mwalimu amekwenda Isevya leo kumwuliza Ndahani. Nilitaka twende wote. Akasema hapana, shahidi lazima aulizwe mimi nisiwepo. Sikupenda hata kidogo.

Jumatano, 12 Agosti

Mwalimu amekuja anaikokota baiskeli, hataki kunitazama. Nikajua.

Akasoma. Ndahani kasema kaka yangu aliniuza kwake kwa chungu cha samli, naye akanirudisha kwa sababu nakula sana. Kasema nilikuwa namlilia mama yangu kutwa. Kasema ngoma niliiuza ninunue pombe. Kasema ndui yenyewe ilinikimbia kwa harufu. Mwalimu kaandika yote, neno kwa neno, na chini Ndahani kaweka dole gumba.

Nilicheka mpaka Kalunde akatoka jikoni mbio. Ndahani alikuwa katika siku yake nzuri.

Kisha Mwalimu akasema Padri ameshasoma. Mahali pangu sipati. Na anafikiri kunitoa hata kwenye habari za Lugusha, kwa kuwa sifa zangu zina mashaka.

Hapo kicheko kikaisha. Nikamwuliza Mwalimu, kwenu Bukoba mtu akitukanwa na mtani inaandikwa? Akasema kwao watu wakitukanana hivyo wanapelekana kwa chifu. Nikaeleza utani. Nikaeleza tena. Anaitikia kwa kichwa lakini naona haamini. Anadhani nina aibu, natafuta pa kujificha. Mbona watu wengine wote wa mjini, anasema, walipoulizwa habari za fulani walisema ukweli? Kwa sababu hukuwauliza watani wao, mtoto wangu.

Kasoma sana huyu. Lakini hiki hakufundishwa.

Alhamisi, 13 Agosti

Isevya. Ndahani kakaa nyuma ya mafungu yake ya chumvi kama mtemi.

"Mtumwa wangu huyo," akawaambia wateja, "amekuja kudai uhuru."

Nikamwambia, mbuzi wa Ugogo, umeniharibia jina. Nikamweleza habari za kitabu. Nikamwomba aende kwa Padri, aseme kweli, mara moja tu, halafu arudi kwenye matusi yake.

Akakataa. Akasema, "Nikikusifu leo, kesho watakuja kwako na majembe wakidhani umekufa."

Nikamsihi. Mimi nimemsihi mtu. Wateja wakaacha kuchagua chumvi wakawa wanatutazama. Ndahani akachota konzi ya chumvi, akaniwekea mkononi. "Nenda ukalambe," akasema. Akageukia mteja.

Nimerudi jua kali, njia ndefu kuliko ya kwenda. Leo najiona mzee. Sijapata kuandika hapa kwamba najiona hivyo.

Ijumaa, 14 Agosti

Hakuna kitu cha kuandika.

Jumamosi, 15 Agosti. Sikukuu ya Bikira Maria

Naandika yote nisije nikasahau hata kidogo.

Tumetoka misani, watu wamejaa uwanjani, wanawake wamevaa vizuri. Namwona Ndahani kasimama karibu na mlango na fimbo yake. Yeye si Mkristo, hajapata kukanyaga pale. Padri anatoka, Ndahani anamwendea moja kwa moja. Mwalimu yupo. Mimi na Kalunde tuko nyuma yao.

"Baba Padri," akasema kwa sauti ya sokoni, "nimesikia mnataka kumwandika huyu mtumwa wangu kitabuni. Msithubutu. Mtawaharibu watoto."

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikafumba macho.

"Sijaona mjinga kama huyu toka nizaliwe. Wenye akili wote waliondoka. Kaka yake aliondoka, na yule alikuwa mtu. Huyu akabaki na maiti zinazopumua. Anakuja kwangu kununua maji. Namtajia bei, anatoa nguo. Napandisha bei, anatoa. Hata kubishana hajui. Mpaka siku moja kaja kajifunga gome la mti kiunoni, kaniletea ngoma. Ngoma ya msafara, Padri. Nikamwambia wewe, hao si ndugu zako, ndugu yako kaenda na mali. Ananijibu nini? Nipe maji. Basi. Halafu anawabeba mgongoni, mmoja mmoja, wananuka, anawapeleka kivulini, jua likigeuka anawahamisha tena. Akifa mmoja analia kama mjane. Kaka yake yuko kwao anachinjiwa ng'ombe, huyu yuko porini anapuliza uji wa watu ambao hata majina yao hayajui. Na alipata nini? Hata kitambaa. Aliondoka pale na gome lake, na mstari wa watu wenye magamba nyuma yake wanachechemea. Huyo ndiye mnataka kumwandika?"

Kicheko kilikuwa kimekatika zamani. Mwalimu Protazi kinywa wazi, kisha naona anapapasa mifuko anatafuta kalamu.

Padri akauliza polepole, "Kwa hiyo aliyewarudisha wagonjwa hakuwa Lugusha?"

"Lugusha alikuwa na akili," akasema Ndahani.

Nikadhani amemaliza. Akamwelekezea Kalunde fimbo. "Na mjinga mwenzake huyu hapa. Bwana wake alipoanguka homa, kalala hajui mbingu wala ardhi, na kitambaa cha kununulia maji hakuna tena, binti huyu ndiye akaja kwangu na vyungu. Ndui haijamkauka usoni. Nikamwambia maji hayatolewi bure. Akaniomba jembe. Kanilimia shamba langu lote, Padri, kwa ajili ya maji ya watu wa watu. Analima, anaanguka, anainuka, analima. Nikacheka mpaka nikachoka kucheka. Vizuri walioana. Wasingepata wengine wa kuwataka."

Akaomba tumbaku kwa mtu, akaondoka. Hakunitazama hata mara moja. Hakuvunja utani hata kwa neno moja. Mgogo yule ni fundi.

Padri akanishika bega. Akasema ataniandika. Mahali pangu. Jina langu juu.

Nimerudi Kwihara natembea kama kirongozi.

Jumapili, 16 Agosti

Nimewaambia watu wote wa Kwihara. Wengine nimewaambia mara mbili.

Kalunde kaniacha nisimulie, yeye kaenda kuchota maji.

Jumatatu, 17 Agosti

Kuna kitu kinanikera tangu juzi. Ile homa naikumbuka. Nakumbuka maji yakigusa midomo, baridi, na mkono nyuma ya shingo. Nilijua ni mkono wa Kalunde. Kwamba aliyalimia, sikujua. Nilidhani Wagogo walituhurumia.

Nimemfuata uani. Alikuwa anakata viazi vya michembe, anavianika. Nikamwuliza kama ni kweli alivyosema Ndahani. Akasema, "Ulidhani walikuwa wanagawa bure?"

Nikauliza mbona hajaniambia maisha yote haya.

"Ulikuwa unasimulia yako," akasema. "Sikupata nafasi."

Hakusema kwa ubaya. Akaendelea kukata viazi. Nimekaa pale mpaka ungo ukajaa. 

Jumatano, 19 Agosti

Tabora tena. Nimemwambia Padri kwamba Kalunde apewe mahali pake.

Akafurahi. Akasema ni jambo zuri, na tayari ameliandika ndani ya habari zangu. Akanionyesha. "Mkewe, Kalunde, alimsaidia."

Niliutambua mkia ule mara moja. Nimelala nao kitanda kimoja wiki nzima.

Nikamwambia, Baba Padri, mtoe Maganga. Mtoe kabisa. Kinabaki nini? Kinabaki msichana mgonjwa analima shamba la mtu ili wengine wasife kiu. Maganga wakati huo kalala, hana msaada kwa mtu yeyote. Na shahidi ni yule yule, si wa nyumba yangu, na hana faida.

Padri akasema karatasi zina mwisho. Akasema wanawake waliomo ni wale waliokuwa watemi. Akianza na wake za watu, kila nyumba itamleta mke wake.

Nikasema, kitabu kitajaa mashemeji?

Akawa mwekundu. Nadhani Mwalimu ndiye aliyeokota neno lile kwake.

Nikasema, kama Kalunde ni mkia wangu, basi mimi bado ni mkia wa Lugusha. Sheria ni moja. Tuandike wote wawili au utufute wote wawili. Akaniuliza kama nina hakika. Akaniambia nifikiri, kitabu hakitapigwa chapa mara ya pili mimi nikiwa hai. Nikasema nina hakika.

Mdomo ulisema hivyo. 

Akasema ataliombea.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimejuta kutwa. Nilikuwa nalo jina langu mkononi, nimelirudisha mezani kwa mtu.

Kalunde kajua. Amenitukana kuliko Ndahani. Nani alikutuma, anasema. Nani alikwambia mimi nataka kitabu. Umeutupa ukurasa wako kwa kiburi chako. Nikamwambia kiburi ni changu, nakitumia ninavyopenda.  Kisha kaanza kucheka, mpaka akashika ukuta.

Jioni kanipikia kuku. Sijui ni wa nini. Sikuuliza, nikala.

Jumatatu, 24 Agosti

Vumbi. Watu wanachoma nyasi upande wa magharibi. Nimerekebisha mlango wa zizi ambao haukuharibika, kwa sababu pale unaiona barabara vizuri.

Baiskeli haikupita.

Ijumaa, 28 Agosti

Ndahani amepita anakwenda kununua samli vijijini. Nikampa habari zote. Akasema, "Afadhali. Kitabu kimepona." Akamaliza michembe yetu yote, akaondoka na kofia yangu.

Mwalimu hajaja. Nadhani wametufuta.

Nilitegemea kuumia. Naumia, lakini si kama nilivyodhani. Padri aliniuliza kinabaki nini, na mimi sasa nakijua. Nilikuwa sikijui chote. Hata kisipopigwa chapa, nimekijua kabla sijafa, na Kalunde anajua kwamba nimekijua.

Lakini ningependa kipigwe chapa.

Jumapili, 30 Agosti

Mwalimu amekuja mchana na bahasha kubwa. Kesho inapanda gari moshi. Padri kamwambia apitie kwetu kwanza, hakutuma neno jingine.

Tumetandika mkeka. Kitabu kimepangwa kwa herufi, na sisi watatu tumefuatana. Nimesoma mwenyewe, kidole chini ya mstari.

Kwanza ipo K. KALUNDE. Habari yake fupi. Ndui, vyungu, jembe, maji. Mimi nimo mwishoni, kwamba alikuja kuolewa na Maganga.

Halafu L, LUGUSHA, ndefu kama alivyokuwa mwenyewe. Maneno ya wagonjwa yameondolewa. Mahali pake pameandikwa kwamba alipowaacha alilia. Nilimwomba Mwalimu lile lisikose, naye ameliweka.

Halafu M. MAGANGA. Nimesoma mpaka chini, nikarudi juu. Hakuna uongo. Nilitafuta pa kusahihisha, sikupata.

Mwalimu akaniuliza kwa upole kama sioni vibaya kuwa nyuma ya wote. Bado anajifunza huyu kijana. Nikamweleza. Msafarani mbele anakwenda anayeijua njia. Nyuma kabisa anakwenda anayeokota waliochoka. Hakuna aliyewekwa mahali pasipo pake.

Kalunde akamwambia Mwalimu amsomee ya kwake tena. Akasoma. Akauliza, hilo shamba la Mgogo limeandikwaje? Mwalimu akasema limeandikwa shamba tu.

"Weka kubwa," akasema Kalunde.

Mwalimu akatoa kalamu, akaweka.

Kisha Kalunde akarudi kwenye kunde zake. Mimi nimekaa mkekani mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia. Upepo umetulia leo.